Siku Mtani Wangu Aliponisitiri

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na mtani wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini mzee mzima nilirudi Ilford siku ile nikitazama viatu vyangu njia nzima, na wala haikuwa kwa kuchoka.

Utani, kwa asiyeukuta, ni hivi. Wazee wao walikuwa wakishuka kutoka bara na mizigo vichwani, wazee wetu wakiwapokea pwani. Wakagombana, wakapatana, na katika kupatana wakapeana ruhusa: mimi nikutukane usikasirike, wewe unitukane nisikasirike, na nikikiona kitu chako nikakipenda nakichukua, huna pa kushtaki. Ruhusa hiyo tumerithi. Huyu mtani wangu amewahi kunichukulia mwavuli, jogoo mmoja mzima, na siku ya harusi yangu alivaa viatu vyangu vipya akaondoka navyo, nikaingia kwa bibi harusi na kandambili. Mke wangu alipofariki tulimpeleka kuzikwa Kisarawe. Mtani akaja, akashuka kaburini, akalala, akasema hazikwi mtu hapa mpaka Mzaramo huyu aseme nani atampikia, maana yeye hata maji ya chai huyaunguza. Watu walicheka na machozi yao usoni. Mimi pia nilicheka. Ndiyo kazi yake. Hata msibani mtani hanyamazi.

Lishike hilo, nitalirudia.

Sasa huyu bwana si mtani tu, ni mwalimu wangu. Shule mimi sikuisoma. Niliingia darasa la kwanza nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Baba alikuwa na mikorosho, na korosho zikianguka hazingoji mtoto amalize kuhesabu vidole. Kusoma nilikujua nikiwa kijana mwenye ndevu, Temeke, wakati ule wa kisomo cha watu wazima. Jioni tulikaa kwenye madarasa ya watoto, magoti yanagonga meza, makuli, mama lishe, mafundi baiskeli, na mwalimu wetu alikuwa Mnyamwezi huyu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata. Alitufundisha kwa matusi. Aliniambia, "Mzaramo, hiyo uliyoandika ni b au ni mwanamke mjamzito?" Darasa zima likaanguka. Lakini b yangu ilinyooka. Herufi hizi ninazoziandika hapa zote ni zake, hata hizi zilizopinda.

Nilipopata njia ya kuja Uingereza, alinipa kitabu chembamba cha Kiingereza, kimechakaa pembeni, akaniambia, "Kiswahili nimekupa mimi. Hiki utajipa mwenyewe." Nikaapa mbele yake.

Sikujipa.

Ningependa kusema kazi zilinizuia, na kazi zilikuwapo kweli. Nilisafisha maofisi katikati ya jiji, kule kwenye mji wa kale, zaidi ya miaka ishirini. Ufagio sikuuficha hata siku moja, mtani anaujua, na amenitania nao mpaka umechakaa. Lakini ukweli ni kwamba kazi ile haikunidai kusoma. Kitambaa chekundu cha choo, cha kijani cha jikoni, cha bluu cha meza. Chupa za dawa zina rangi zake. Basi lina namba, na namba nazijua. Barua za serikali alisoma mke wangu, na alipofariki akazisoma binti yangu. Mtu anaweza kuishi London miaka thelathini na tatu kwa rangi na namba, mimi ni ushahidi. Kuongea naongea, Kiingereza cha kuombea njia na cha kugombania zamu. Ila ukinipa karatasi, naona zile herufi za mwalimu wangu zimekaa vingine, kama ndugu zako unaowakuta ugenini wakakuangalia wasikusalimu.

Mwaka wa pili tu mwalimu aliniandikia: umefika wapi na kile kitabu? Nyumbani tulikopanga alikuwako kijana mmoja wa Tanga, mwanafunzi. Nikamwomba aniandikie barua ya Kiingereza, nzuri, ndefu, eti ni mimi. Akaiandika, nikatia sahihi. Jibu lilipokuja nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu aliandika kwamba barua ile ameisoma mbele ya darasa la kisomo, neno kwa neno, akawaambia: huyu Mzaramo alianza na a e i o u kwenye benchi hilo mlilokalia.

Tangu siku ile nikiongea naye kwa simu nilikuwa naupitia uongo wangu kama mtu anavyopita kwenye mlango wa anayemfahamu halafu hataki kumsalimu. Haraka haraka.

Basi mwaka huu, mwezi wa tatu, mtani akaja. Ana binti yake Hayes, anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, ndiye aliyemlipia safari amwone mjukuu. Simu ikalia asubuhi, nipo na uji mkononi.

"Mzaramo, bado hujafa?"

"Nangoja wewe utangulie na mzigo, Mnyamwezi."

"Mzigo nimeutua. Nipo Hayes. Kuna baridi hapa, nimevaa nguo zote nilizokuja nazo na bado natetemeka. Sasa sikiliza. Binti yangu amenipa karatasi moja ya kukunja, ina ramani, inamwongoza mtu autembee mji wa kale mwenyewe kwa miguu, bila kiongozi. Vituo kumi na viwili. Kila kituo kina maelezo yake. Utanitembeza."

Nikasema, "Mtani, miguu yako na yangu..."

"Babu zangu walitembea Tabora hadi Bagamoyo na pembe ya ndovu kichwani. Wewe utachoshwa na karatasi?"

Nikajaribu mlango mwingine. Nikamwambia siku hizi simu zinasema zenyewe, unaibonyeza inakueleza kila kitu, ajitafutie hiyo.

"Sitaki simu," akasema. "Nataka nimsikie mwanafunzi wangu akisoma Kiingereza. Nimekuja mbali kwa hilo."

Hakuwa anatania aliposema hivyo. Sauti yake ya darasani naijua. Nami badala ya kusema mwalimu, nisamehe, sijui kusoma Kiingereza, nikasema, "Sawa. Jumanne." Maneno mawili. Uji ukapoa.

Tulikutana stesheni ile ya karibu na ngome kubwa, kando ya mto. Jua lilikuwapo, lile la London la kukudanganya uvue koti. Mimi nimevaa kofia yangu ya kiua, kazi ya mkono wa mke wangu, haitoki kichwani. Yeye kaja na koti la binti yake, mikono mifupi, na mfuko wa plastiki wenye chapati.

"Nipe nikubebee," nikamwambia.

"Mnyamwezi akubebeshe wewe mzigo? Watu watacheka." Akanipa karatasi. "Shika hii tu. Miwani nimeiacha Hayes, juu ya televisheni. Leo macho yangu ni wewe."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Miwani ipo Hayes. Nikamshukuru Mola kwa kusahau kwa mzee wa watu.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukuta. Kipande cha ukuta wa mawe kimesimama peke yake, kirefu kuliko nyumba, watu wanapita na vikombe vyao vya kahawa hawakitazami. Nikaikunjua karatasi, nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu, kama wafanyavyo wasomi. Nikakohoa. Mwalimu akasimama mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, vile alivyokuwa akisimama tukisoma mmoja mmoja.

"Aa," nikasema. "Wanasema ukuta huu aliujenga mfalme mmoja aliyekuwa na wake wanne."

"Wanne!"

"Wanagombana. Akajenga ukuta katikati, wawili huku wawili huku."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mzaramo! Hata Ulaya unaikuta ndoa tu. Na mwaka gani huo?"

"Zamani."

"Imeandikwa hivyo? Zamani?"

"Zamani sana."

"Nisomee basi kwa Kiingereza, nisikie."

Nikamwambia Kiingereza chenyewe ni cha kizamani, hakisomeki vizuri kwa sauti, afadhali nimtafsirie moja kwa moja. Akaitikia kwa kichwa. Aliamini! Ndilo linaloniuma. Angenishuku ningekuwa na wa kushindana naye.

Kituo cha pili ni kanisa lisilo na paa. Kuta zipo, madirisha yapo bila vioo, na ndani badala ya viti kuna miti na mabenchi, mimea imepanda ukutani hadi juu. Hapo ngoja niseme jambo. Mahali pale napajua kuliko mwandishi wa karatasi ile. Miaka mingi zamu yangu ilipoisha saa sita mchana nilikwenda kula mkate wangu pale, benchi la kona, ambako upepo haufiki. Nilimlilia mama yangu kwenye benchi lile simu ya msiba ilipokuja. Bustani ile najua mwezi gani inanuka nini. Ningemwambia mtani hayo yangetosha, tena yalikuwa ya kweli. Sikuyasema. Nilikodolea macho karatasi nikasema padri alikuwa mvivu, hakuezeka, mvua ikaingia, waumini wakahamia kwa mwenzake.

"Basi padri huyo alikuwa Mzaramo," akasema mtani.

Tukala chapati moja moja. Njiwa wakaja. Mtani akawaambia hawapati kitu, wakatafute kazi.

Kituo cha tatu ni nguzo, nene, ndefu, juu ina kama moto wa dhahabu. Nikasema kazikwa tajiri ndani, wima, kwa vile aliapa hatalala chini na maskini. Mtani akasema huyo naye atakuwa amesimama anangoja pilau. Nilikuwa nimeshazoea sasa. Aibu ya kwanza huja na jasho, ya pili huja na tabasamu, ya tatu hata huijui kuwa ni aibu, unadhani una kipaji. Kwenye kituo cha nne, cha tano na cha sita niliongea mpaka mate yakanikauka. Nilimzalisha malkia watoto pacha. Nilijenga soko kwa mifupa ya nyangumi. Mtani anacheka, ananipiga begani, "Kisomo! Kisomo kimezaa matunda!" Kila aliposema kisomo, kitu kilinichoma hapa chini ya mbavu, nikakifunika kwa hadithi nyingine.

Tukafika cha saba, jiwe.

Ni jiwe tu, si kubwa, limewekwa ukutani kando ya barabara nyuma ya kioo, kama mgonjwa asiyetakiwa kuguswa. Nimepita mbele yake maelfu ya mara na ndoo. Nikasimama, nikashika karatasi, nikaanza kwa sauti, maana barabara ina kelele: "Jiwe hili, mtani, ndilo walilokuwa wakikalia wafalme wakipimwa uzito. Mfalme mwembamba harudi nyumbani. Limetoka mbali, limebebwa na watu mia saba..."

"Wanyamwezi hao," akadakia mtani.

"Jamani, hicho ni Kiswahili!"

Tukageuka. Mama mmoja, Mkenya kwa matamshi, koti la bluu, ana binti wa miaka kumi na miwili hivi kamshika mkono. Akatuamkia kwa furaha utadhani tumezaliwa naye. Akasema yeye ni mhudumu wa wazee, siku yake ya mapumziko, amemtoa msichana aone jiji.

"Wazee wetu, nimeskia hiyo stori nikasema lazima nisimame. Endeleeni, tuskie pia sisi. Huyu wangu Kiswahili anaskia yote, lakini kujibu ni Kiingereza tu. Labda kwa babu atajifunza."

Mtani akafurahi sana. Akanionyesha kwa mkono, kama anavyoonyesha mtu ng'ombe wake. "Huyu ni mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kusoma akiwa na ndevu. Sasa anasoma Kiingereza na kunifasiria mimi mwalimu wake. Mwanangu, endelea."

Aliniita mwanangu. Tumepishana miaka mitano.

Nikaendelea. Ningefanya nini? Nikarudia wafalme, mizani, watu mia saba. Yule msichana alikuwa ananitazama usoni, kisha akatazama kile kibao kilichobandikwa pale chini ya jiwe, kisha karatasi yangu. Hakuwa na ufidhuli hata kidogo. Alikuwa mtoto anayetaka kuelewa. Akamwuliza mama yake kitu, kwa Kiingereza, polepole.

Mama akacheka kidogo, akasema, "Ati anauliza, mbona hapo ukutani imeandikwa hakuna mtu anajua hili jiwe lilikuwa la nini?"

Magari yalipita. Nikasema karatasi yangu ina habari zaidi.

Msichana akasogea, akaangalia karatasi, akanyoosha kidole. Hilo nililielewa mwenyewe bila mama yake kufasiri, kwa sababu ni maneno ya kila siku. Alisema upande huu, babu, ni wa mahali pa kula na vyoo.

Sikumbuki nilifanya nini na mikono yangu. Nakumbuka kofia ikawa nzito. Nakumbuka yule mama alivyoacha kucheka, akamvuta binti kidogo, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri na ameshaelewa. Nikamgeukia mtani. Nilijua kitakachokuja. Mtani amepewa karamu ya maisha yake: Mzaramo ameumbuka hadharani, mbele ya mashahidi, na karatasi ya vyoo mkononi! Angepiga kelele mpaka mabasi yasimame. Angenivua kofia akaivaa, akanichezea ngoma pale barabarani. Nilimngojea. Naapa nilimngojea kama mgonjwa anavyongojea sindano.

Mtani akamwinamia yule msichana, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, babu huyu hasomi. Hayo anayajua kwa kichwa, wazee wamemsimulia. Karatasi ameishika kwa ajili ya jua tu."

Kisha akawaaga kwa heshima, akanishika kiwiko, akasema, "Twende taratibu, mzee mwenzangu."

Mzee mwenzangu.

Kusitiriwa na ndugu ni jambo jema. Kusitiriwa na jirani ni jambo jema. Mtu akisitiriwa na mtani wake ajue amefika mahali pabaya, kwani mtani ameangalia jeraha akaona halifai hata kuchezewa. Kaburini kwa mke wangu alinitania. Hapa alinyamaza.

Vituo vitano vilivyobaki hatukuvifika. Tulitembea hadi stesheni kubwa bila neno, yeye kabeba mfuko wa chapati, mimi nimekunja karatasi hadi imekuwa kama hirizi. Hayes na Ilford zipo kwenye njia moja ya treni, yeye aende magharibi, mimi mashariki. Tukasimama jukwaa moja tumepeana migongo, kila mmoja akingoja upande wake. Yake ilikuja kwanza. Akanipa mkono. "Nisalimie watoto," akasema. Mimi nimemjua mtu huyu miaka karibu hamsini na hajawahi kunipa mkono bila kunifinya.

Siku ya pili akapiga simu. "Habari za asubuhi, mzee. Umeamkaje? Familia hawajambo?" Nikasema hatujambo. Akasema Alhamisi ijayo anarudi Dar. Nikasema inshallah. Akasema basi nisikuchoshe. Nikabaki na simu sikioni imeshakatwa. Binti yangu akauliza nani amefariki.

Sikulala vizuri, na sitasema mengi kuhusu hilo. Wazee hawalali vizuri hata bila makosa. Nilichokiona ni kwamba mtu huyu ana miaka yake, nami nina yangu. Akipanda ndege na ile "mzee mwenzangu" mdomoni, ndiyo tumeagana, na ameniacha mgeni kwake.

Nina mjukuu wa miaka kumi na mitano. Naye kama yule msichana wa kwenye jiwe, unamwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza. Akirudi shule anakula mkate amesimama. Nikampa ile karatasi nikamwambia nataka nifundishwe namba saba. Hiyo tu. Akaniuliza kwa nini isiwe ya kwanza. Nikamwambia ndiyo inayonidai. Alicheka, halafu akaniangalia akaacha. Aliniambia hakujua kwamba sijui. Fikiria, mtoto nimelala naye nyumba moja tangu amezaliwa, nimemficha hata yeye. Nilipokuwa nikisema miwani yangu haioni vizuri, aliamini ni miwani.

Jioni nne tulikaa kwenye meza ya jikoni. Mistari sita tu, lakini nilitoka jasho kama nabeba makabati. Nilianza kuandika pembeni jinsi maneno yanavyosikika, kwa herufi za Kiswahili, nipate kuibia. Mjukuu akafuta kwa kifutio. Nadhani damu ya ualimu huenda popote, hata isikohusika. Na huko ndani ya mistari ile nikakuta ya kunimaliza. Karatasi yenyewe, iliyochapwa, iliyoandikwa na wasomi, inasema wazi: hatujui jiwe hili lilikuwa la nini. Haikuona haya. Wenye mji hawajui na wameandika hawajui. Mimi nisiyejua kusoma ndiye niliyejua.

Jumatano nikaenda Hayes. Binti yake yupo kazini. Mtani kafungua mlango amevaa miwani, nyuma yake televisheni inaongea peke yake. "Karibu mzee," akasema. Akanikalisha, akaniletea chai kwa sahani. Kwa sahani! Nikaona nikingoja nitakunywa, nitaondoka bila kusema.

Nikasema, "Mwalimu, Kiingereza sijui kusoma. Sikuwahi kujua. Ile barua aliiandika kijana wa Tanga."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Barua niliijua siku ile ile," akasema. "Mwandiko wako nilikufundisha mimi, Mzaramo huwezi kuandika g isiyo na mkia wa mbwa. Ile ilikuwa g ya mtu aliyekwenda shule."

"Na ukawasomea darasa?"

"Nikawasomea. Nilisema moyoni, huyu amedanganya, sasa ataona haya, na haya itamfanya asome. Nikangoja. Mwaka, miaka mitano, miaka thelathini. Nikasema sasa niende mwenyewe nikasikie." Akarudisha miwani usoni. "Pale kwenye jiwe niliona vibaya kukutania, kwa sababu na mimi nimo. Mimi niliubeba uongo wako nikaupeleka kwa watu. Yule mama muuza vitumbua, unamkumbuka? Alikuwa ameacha kisomo. Alirudi kwa sababu ya barua yako. Alisema kama Mzaramo ameweza, hakuna asiyeweza. Alikufa anasoma gazeti kila asubuhi. Sasa hapo sijui nikuchape au nikushukuru."

Nilimkumbuka. Alikuwa akinikopesha vitumbua. Ningekuwa na nafasi ya kuona haya mbele yake ningeichukua, lakini yeye hayupo.

Nikatoa karatasi mfukoni, nikaikunjua. Nikamwambia, "Namba saba." Nikasimama, maana kwenye darasa lake husomi umekaa. Nikasoma. Nilikwama mara tatu, mahali pamoja nikaruka mstari nikarudi. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nilipomaliza, televisheni ndiyo iliyokuwa ikiongea.

"Umesoma au umekariri?" akauliza.

"Sijui, mwalimu."

Akaja ubavuni, akaweka kidole katikati ya maneno. "Hili."

"Jiwe."

"Na hili?"

"Jiwe tena."

Akasogeza kidole. "Hili hapa."

Lilikuwa neno refu, limejaa. Nililitazama. Lilikuwa limenipita jioni zote nne kwa sababu ya yaliyolitangulia, kama mtu anavyovuka mto kwa kushikana na wenzake. Peke yake halikuniambia kitu. Na ulimi wangu, niseme kweli, ulikuwa tayari kutunga. Nilikuwa nimeshapata hata mfalme wa kuanzia.

"Silijui," nikasema.

"Sema nisikie vizuri."

"Silijui, mwalimu."

Akaondoa kidole kwenye karatasi. Kisha nikaona mabega yameanza kutikisika. Kikaanza kicheko chembamba, kikapanda, akakaa chini kwenye kochi la binti yake akijipigapiga paja.

"Miaka thelathini na tatu!" akasema. "Wenzako wamerudi kutoka Ulaya na magari, wengine na friji! Mzaramo kakaa miaka thelathini na tatu kapata jiwe moja! Tena yapo mawili kwenye mstari, yeye ni lile lile! Enhe, na mfalme alirudi na kilo ngapi?"

"Mwembamba hakurudi," nikasema.

"Na karatasi ya vyoo! Nimeivumilia wiki nzima, nilikuwa naumwa tumbo, binti yangu alitaka kunipeleka hospitali!"

Alinitukana mimi, na Kisarawe, na korosho zetu, na wazee wangu mpaka wale nisiowajua. Nami nilikaa pale na chai yangu imepoa, uso unawaka kwa aibu, kila neno linaingia mahali pake. Aibu haikuondoka. Ilikuwa imepata mwenyeji tu.

Nilipoinuka kuondoka akanisindikiza hadi mlangoni, akanyoosha mkono kama anayeniaga, akanivua kofia.

"Hiyo ya mke wangu," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana naichukua. Ukiitaka, njoo Temeke uisomee namba nane."

Nilipita njia yote ya Hayes hadi stesheni kichwa wazi, upepo wa mwezi wa tatu ukinichezea masikioni. Ilford nilifika saa kumi na moja, binti yangu akanitazama kichwani akauliza kofia iko wapi. Nikamwambia imechukuliwa na mtani. Kisha nikamwita mjukuu, anakula mkate wake amesimama, nikaiweka karatasi mezani.